Uzoefu wangu: damu kwenye ubongo, na swali moja la daktari

Mdogo wangu alikuwa na siku 19 tangu ajifungue, arobaini bado, kichwa kilipoanza kumuuma. Tulidhani ni kukesha na mtoto. Lakini maumivu yalizidi kila akilala, na siku ya nne akashikwa na degedege jikoni, hapa Kisauni, Mombasa.

Hospitali ya kwanza, ambayo siitaji, ilimpiga CT skani haraka, na kwa hilo nawashukuru. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Tukaambiwa ni presha, tungoje. Kadi yake ya kliniki ninayo mkononi, presha haijawahi kupita 120 kwa 80. Sikuridhika. Tukamhamisha.

Huduma ninayoisifu ni ya kule tulikohamia, kisiwani. Daktari wa mishipa ya fahamu aliitazama ile picha kimya, kisha akaniuliza, "Dada, amejifungua lini?" Kabla yake hakuna aliyetuuliza hilo. Akanionyesha kwa kidole: damu ya presha mara nyingi huvujia ndani kabisa ya ubongo, na hii ilikuwa juu, karibu na fuvu. Akaagiza MRI (picha ya kutumia sumaku) ya vena, mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani. Wakakuta donge limeziba vena kubwa. Damu ilikosa pa kutokea, ikajaa nyuma yake kama maji ya masika mtaro ukiziba, hadi vimishipa vikapasuka.

Kisha likaja la kututia hofu: sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mtu anayevuja damu kichwani! Mamangu alikataa katakata. Daktari akavuta kiti, akamweleza kwamba kinachosababisha kuvuja ni lile donge, na likiachwa likue hali itazidi. Alirudia mara mbili bila kumharakisha. Akaongeza kuwa damu ya mzazi huganda upesi, hasa wiki 6 za kwanza. Mama akahesabu kwa vidole: "Si ndiyo arobaini yetu hiyo?" Akakubali.

MRI tuliingoja tangu alfajiri hadi baada ya alasiri, na bei ilituuma, tulichanga ukoo mzima. Ningelipa tena. Mgonjwa wako akiwa kijana asiye na presha, au mzazi, na akakutwa na damu kwenye ubongo, uliza kama vena zimeangaliwa.

Mdogo wangu yuko nyumbani, ananyonyesha, na kila wiki nampeleka kupimwa damu kwa ajili ya vidonge vya warfarini, navyo vya kuzuia damu isigande.