Unataka kununua skana ya gari? Soma hapa kabla hujaenda Kariakoo

Wakuu, taa ya enjini ikishawaka tu kwenye dashibodi mtu anakimbilia kununua skana yoyote atakayoonyeshwa, halafu baada ya mwezi ipo kwenye droo haina kazi. Nimepitia huko. Nina Toyota IST ya 2004, ilianza kukosa sailensa (kunguruma kwa utulivu bila kukanyaga mafuta) asubuhi, ukikanyaga inasita, taa ikawaka. Fundi mmoja akachomeka kimashine chake ikatoka kodi (namba ya kosa) P0171, akasema sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua tukafunga, kesho yake taa ileile. Kumbe P0171 inakwambia mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi, mchawi nani haisemi. Mchawi alikuwa mpira wa hewa unaotoka boksi la filta kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa enjini), umepasuka kwa chini pale jicho halifiki, hewa inaingia bila kupimwa na sensa ya hewa.

Kwahiyo usinunue kitu kinachosoma kodi tu. Nunua kinachoonyesha data enjini ikiwa inanguruma, hasa ile wanaita fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontrolboksi (kompyuta ya enjini) inaongeza au kupunguza. Ikicheza ndani ya asilimia 10 juu au chini, lala usingizi. Ikiwa juu sana kwenye sailensa halafu ukipandisha enjini mpaka mizunguko 2500 kwa dakika inashuka, tafuta hewa inavuja wapi. Ikiwa kinyume, sailensa safi ila ukikanyaga kupanda mlima ndo inapaa, hapo angalia pampu, filta ya mafuta, nozeli (vinavyopuliza mafuta kwenye enjini) chafu, na ile sensa ya hewa nayo isije ikawa imejaa vumbi.

Namba moja kwangu ni ELM327 ya Bluetooth, kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya gari kinachotuma data kwenye simu yako. Bei yake haifikii hata nusu tenki ya IST. Wa Android chukua Bluetooth ya kawaida, wa iPhone hiyo haitakukubalia, chukua ya WiFi au ile ya Bluetooth LE. App weka Torque (ya Android tu) au Car Scanner. Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wanapopigwa: hizi za bei chee karibu zote ni kopi, na nyingi zilizoandikwa toleo v2.1 zimekatwa baadhi ya protokoli (lugha za kuongea na gari) kwahiyo gari linagoma kuunganika. Zile za v1.5 mara nyingi ndo zina nafuu, japo cha kuchekesha kampuni ya ELM yenyewe haikuwahi kutoa chipu ya v1.5 hata siku moja. Usilipe kabla hujaichomeka kwenye gari lako ukaona namba zinacheza. Na gari zetu hizi zimetengenezewa soko la Japani, za miaka ya 2000 mwanzoni soketi ina matundu 16 kama kawaida lakini lugha inaongea ya kwake, kwahiyo app ikigoma ingia kwenye profaili za Toyota za Japani ujaribu moja moja kabla hujamtukana muuzaji.

Ya pili, kama una Toyota na laptop ya zamani ya Windows, waya wa Mini VCI unaounganisha gari na laptop, na Techstream, programu ya Toyota ya kupimia gari. Hii inaingia ndani zaidi, ABS na eabegi unasoma, na kwenye magari mengi unaweza kuzima nozeli moja moja enjini ikiwa inawaka, ile ukizima sauti haibadiliki ndo silinda inayomisi (haichomi mafuta). Tabu yake ni kuinstoli, draiva zinasumbua mno kwenye Windows za biti 64, mimi jumamosi nzima iliishia hapo.

Ya tatu sio skana kabisa, ni geji ya presha ya mafuta. Najua utashangaa ila skana haioni pampu iliyochoka kwenye hizi gari, inabahatisha tu. Enjini za 1NZ na 2NZ, kama za IST, zinataka kama 304 mpaka 343 kPa, yaani psi 44 mpaka 50, ikisoma 30 acha kusafisha nozeli, umepata jibu. Ila ni petroli hiyo, kata kwanza umeme wa pampu uwashe mpaka enjini izime yenyewe ndo ufungue paipu, na sigara weka mbali.

Skana za mkononi zenye kioo chake, kama Launch CR3001 au Autel AL319, ni nzuri kwa asiyetaka mambo ya simu, ila unalipa zaidi kupata data ileile, na gari za Japani za zamani zinaweza kuzigomea vilevile. Zile za milioni waachie wenye gereji.

Usichotakiwa kununua ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi eti kinapunguza ulaji wa mafuta. Watu wamekifungua, ndani ni vitaa vinavyowaka waka tu.

Na kama gari lako ni Toyota ya miaka ya 90, usinunue chochote kwanza. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi on bila kuwasha, hesabu taa ya enjini inavyopepesa. Mbili halafu tano ni 25, mchanganyiko una hewa nyingi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina kodi yoyote.