MDN Web Docs nikiwa Lubumbashi: alama za Baseline, Playground, na kusoma bila mtandao

Natengeneza tovuti za maduka na depo za dawa hapa Lubumbashi, nyingi ziko katika komini za Katuba na Kenya, na kila siku ya kazi nafungua MDN Web Docs. Kwa asiyeifahamu, hii ni maktaba ya nyaraka iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Inaeleza HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za mtandao, na tangu mwisho wa 2020 maandishi yake yako GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi za programu, ambako mtu yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Miaka hii michache wameongeza mambo kadhaa. Moja limebadilisha namna ninavyofanya kazi, na ndilo nitakalolizungumzia zaidi.

Ni alama ya Baseline. Ukifungua ukurasa wa kipengele fulani cha lugha hizo, juu kabisa unakuta utepe unaokuambia kama kinapatikana kwa upana, kama ni kipya, au kama bado kuna vivinjari visivyokifahamu. Mradi wenyewe ulitangazwa mwaka 2023. Kipengele kinaitwa kipya kikishaingia katika Chrome, Edge, Firefox na Safari, za kompyuta na za simu. Miezi 30 ikipita, kinapandishwa na kuhesabiwa kuwa kimeenea. Chukua dialog, ile tagi ya kufungua kidirisha juu ya ukurasa: Firefox na Safari ziliikubali Machi 2022, kwa hiyo leo unaitumia bila wasiwasi. Zamani jibu kama hilo nililitafuta kwa kufungua kurasa tano sita za watu mbalimbali, kila mmoja na lake, huku mega za mtandao zinakwisha. Sasa jibu liko juu ya ukurasa, kabla hata sijaanza kusoma.

Lakini wateja wa wateja wangu hawatumii simu za mwaka huu, na hapo ndipo utepe ule unahitaji msaada. Mama mmoja mwenye depo ya dawa aliniletea tovuti iliyotengenezwa na mtu mwingine. Kwenye kompyuta ilikuwa safi. Akanipa simu yake, akaniuliza, "Mwanangu, fasi ya kufinya iko wapi?" Kweli, kitufe cha kuagiza kilikuwa pale lakini bila rangi wala ukingo, kama neno tu lililopotea katikati ya ukurasa. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza niangalie simu yenyewe." Ilikuwa Android 6. Google iliacha kuipelekea Android 6 matoleo mapya ya Chrome baada ya namba 106. Aliyeandika CSS ile, yaani maelekezo ya rangi na mpangilio, alikuwa amepachika kanuni ndani ya kanuni, na upachikaji huo Chrome ilianza kuuelewa katika toleo la 112. Kivinjari cha zamani kikikuta kanuni iliyopachikwa hakilalamiki: kinairuka na kuendelea na safari. Rangi zote za kitufe zilikuwa ndani ya sehemu iliyorukwa.

Utepe wa Baseline unakupa tarehe: upachikaji ulifika kwenye vivinjari vyote vikuu Desemba 2023. Tarehe hiyo ni sahihi, ila simu ya Mama yule haiendi na tarehe, inaenda na namba ya toleo. Namba iko chini ya ukurasa, kwenye jedwali la upatanifu, ambalo lina safu ya Chrome ya Android peke yake. Nami nafanya hivi: naangalia toleo la Chrome kwenye simu ya zamani kuliko zote zinazotumiwa na mteja, nashuka hadi kwenye jedwali, nalinganisha namba mbili. Android 5 iliishia Chrome 95, Android 7 ikaishia 119. Ukizikariri hizo pamoja na ile 106, jedwali linakutosha. Mama yule nilimtolea kanuni nje moja moja, kitufe kikarudi na rangi yake ya kijani siku ileile.

Kwa hiyo Baseline naisifu kwa moyo wote kama hatua ya kwanza, na ningewaomba waandishi wake waseme waziwazi, kwenye utepe wenyewe, kwamba hesabu yao inahusu matoleo mapya ya vivinjari. Opera Mini, kivinjari chepesi cha simu, kwa mfano, haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kijana anayeanza kazi hapa kwetu akiona alama ya kijani atadhani simu zote zimehesabiwa.

Playground, uwanja wa MDN wa kujaribia kodi, uliokuja 2023 pia, sina mengi ya kuisemea zaidi ya kwamba ni nzuri. Unabonyeza mfano ulio kwenye ukurasa, unafunguka mbele yako ukiwa na visanduku vya HTML, CSS na JavaScript, unabadilisha unachotaka na matokeo yanaonekana pembeni. Kodi inakimbia ndani ya kivinjari chako. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu nawaanzishia hapo, kwa sababu hawahitaji kusakinisha chochote.

Mwaka huohuo waliweka pia kitufe cha akili mnemba cha kueleza kodi. Wanaprogramu wakaonyesha kwamba baadhi ya maelezo yake hayakuwa ya kweli, na kitufe kikasimamishwa. Walifanya vyema kusikiliza. Mtu anayenunua mega kwa kipimo hana nafasi ya kuhakikisha kila sentensi mahali pengine, na maktaba ya aina hii thamani yake yote ni kuaminika.

Kuhusu Kifaransa: wengi wetu tumesomea shule kwa Kifaransa, na MDN ina kurasa nyingi za Kifaransa zinazotafsiriwa na watu wanaojitolea. Naziheshimu sana. Ila angalia chini kabisa, kuna tarehe ambayo ukurasa ulirekebishwa mara ya mwisho. Ikiwa ya Kifaransa imeachwa nyuma miaka miwili mitatu, hamia ile ya Kiingereza hata kama itakuchosha kusoma. Kiswahili bado hakimo katika orodha ya lugha zao, na linaniuma.

Umeme ukikatika na mtandao ukaondoka nao, MDN yenyewe inabaki mbali. Huduma yao ya kusoma bila mtandao ilipoanza 2022 ilikuwa ndani ya MDN Plus, huduma yao ya kulipia, dola 5 kwa mwezi, na ilianzia Marekani na Canada. Mimi nategemea DevDocs, tovuti inayokusanya nyaraka za wanaprogramu mahali pamoja, ambayo ni bure. Kwa kuwa leseni ya MDN inaruhusu maandishi yake kusambazwa, DevDocs imeyachukua na kuyaweka pamoja na nyaraka za lugha na zana nyingine za programu kama Python, PHP na React. Unachagua unazozitaka, unazipakua mara moja kukiwa na mtandao mzuri, na tangu hapo unatafuta na kusoma bila kutumia hata mega moja. Utafutaji wake ni wa haraka ajabu: herufi tatu nne tu, uko kwenye ukurasa unaoutaka. Utepe wa Baseline ndio ninaoukosa ninapokuwa huko.

Kuna kikwazo kimoja. Ulichopakua kwenye DevDocs kinakaa ndani ya kivinjari chako, huwezi kumpa mwenzako. Tukiwa kikundi natumia Kiwix, ile programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, maana nyaraka za DevDocs zinapatikana pia kama faili za ZIM, aina ya faili ambayo Kiwix inaifungua. Mmoja anapakua usiku, asubuhi faili inapita kwenye flash kutoka mashine hadi mashine. Kabla ya kuipokea, uliza ni ya tarehe gani. Tarehe imeandikwa kwenye jina la faili lenyewe.