PT-109 skeli ya 1:72: kipi ubandike, kipi ubaki nacho boksini

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo, hapa Arusha, ipo modeli ya plastiki ya kuunganisha ya PT-109, ile boti ya kurusha topido (makombora ya kwenda majini) aliyoiongoza John F. Kennedy kabla hajawa rais wa Marekani. Boksi linasema 1943, lakini vipande vya ndani ni vya miaka tofauti. Kwa hiyo kabla hujashika gundi, amua unajenga boti ya siku gani. Hapa tunajenga ya usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, ilipogongwa na manowari ya Kijapani, Amagiri, kule Visiwa vya Solomon.

Weka rula kwanza. Boti halisi ilikuwa na futi 80, yaani mita 24.4. Gawanya kwa 72, unapata sm 33.9, na bodi hili limefika hapo. Umbo ni zuri kabisa. Shida iko juu ya sitaha.

Hizi topido fupi nene, pamoja na vishikizo vyake vya kuziangushia majini, ni za aina ya Mark 13. Zilikuja kwenye boti hizi baada ya PT-109 kuzama. Yenyewe ilibeba Mark 8 nne, kila moja ndani ya bomba lake la kurushia, na urefu wake kwa skeli hii ni karibu sm 9. Mark 13 haifiki hata sm 6. Mabomba yamo boksini, tumia hayo. Rada usibandike, PT-109 haikuwa nayo. Mzinga wa mm 40 wa kule tezi, yaani nyuma ya boti, nao uache. Hapo pakae mzinga mdogo wa Oerlikon wa mm 20.

Sasa njoo omo, yaani mbele ya boti, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Maelekezo yanakwambia ubandike chelezo kidogo cha kujiokolea. Kwa safari ile ya mwisho kilishaondolewa, na mahali pake ukafungwa mzinga wa jeshi wa mm 37 wa kupigia vifaru, umefungiwa kwenye mbao kwa kamba. Mbao hizo ndizo mabaharia walizotumia kuelea baadaye, kwa hiyo usizipuuze. Chonga njiti ya kiberiti ibaki unene wa mm 1. Kamba ni uzi wa kushonea, ila upitishe kwanza kwenye nta ya mshumaa. Usipofanya hivyo manyoya yatasimama na kamba itaonekana kama mkia wa paka.

Mitutu ya bunduki za mm 12.7 imekuja minene mno. Ikate, toboa tundu, weka sindano ya famasi ya 23G, ile ya kichwa cha bluu; kipenyo chake ni mm 0.64, kinakaribia sana. Ibandike kwa supaglu, kwa sababu gundi ya plastiki haishiki chuma.

Ubavuni wamechora mistari mirefu ya mbao. Bodi halisi lilikuwa tabaka mbili za mahogani zenye kitambaa katikati, juu likapakwa rangi. Kwa skeli hii mistari hiyo haipaswi kuonekana. Piga msasa wa maji namba 400, malizia na 800.

Rangi ni kijani kilichoiva, isiyong'aa. Maduka ya rangi za magari mjini watakuchanganyia, lakini thina yao inakula plastiki. Ukimimina nzito mara moja, sitaha inalainika na rivati zinapotea. Puliza praima (rangi ya msingi) nyepesi kwa umbali wa sm 20, subiri dakika 15, rudia, kisha ndiyo rangi. Na msimu huu wa baridi usipulize asubuhi na mapema: unyevu unaingia kwenye rangi na inatoka na weupe kama ukungu. Saa tano hivi panakuwa pamekauka. Ukimaliza ifunike kwa boksi papo hapo, upepo wa mchana ukianza vumbi halina huruma.