Unataka kompyuta ikuimbie muziki wa metali? Sauti za kununua, kuanzia bora mpaka ya kuiacha

Ukisikiliza demo za hizi sauti za kuimba za kompyuta utakuta karibu zote ni nyimbo za taratibu, kinanda kidogo, sauti inavuta pumzi vizuuri mpaka unasahau hakuna binadamu pale. Sasa chukua sauti hiyohiyo uilaze juu ya magitaa mawili yaliyolegezwa nyuzi mpaka drop C, na mpiga dramu anakanyaga kick, ile ngoma kubwa ya chini, kwa miguu yote miwili, uone. Inazama, unabaki unasikia s na sh tu. Kwa hiyo hapa sipangi kwa kuangalia ipi inafanana na mtu kuliko zote, napanga kwa ipi inapenya katikati ya gitaa bila kukulazimisha ushushe gitaa. Kwenye metali hicho ndo unachonunua, mengine mapambo.

Kitu cha kujua kwanza kwa wageni: mara nyingi unanunua vitu viwili. Kuna programu yenyewe, unapochora noti na kuandika maneno, halafu kuna sauti, wenyewe wanaiita voisibenki. Watu wananunua sauti wakidhani programu imo ndani, au wananunua programu halafu wanashangaa bajeti imeisha na sauti waliyoitaka bado. Soma vizuri kabla ya kubonyeza.

Na la pili, hili naomba ulielewe maana maswali mengi yanatokea hapa. Hakuna sauti ya dukani kwenye orodha hii inayonguruma kama mtu wa death metal. Sababu ni hii: binadamu akinguruma anatetemesha zile nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti, na zinatetemeka ovyo ovyo, hazina noti moja iliyokaa sawa. Hizi programu zimejengwa juu ya noti, zinataka kujua kila sehemu ya wimbo sauti iko noti gani, ukizipa mngurumo zinachanganyikiwa. Kwa hiyo ukinunua, nunua kwa ajili ya uimbaji safi wenye nguvu, power metal, symphonic, roki nzito, gothic. Kunguruma tutakuja nako kwenye namba mbili, kuna njia.

Namba moja: Synthesizer V Studio Pro ya Dreamtonics, kampuni ya Tokyo. Studio ya kwanza ilitoka 2020, toleo la 2 likaja 2025, programu ni kama dola 100 na sauti moja inacheza dola 80 hadi 100. Naiweka juu kwa sababu ya kidude kinaitwa Tension. Unachora mstari tu, ukipandisha sauti inakaza koo, inakuwa na ukali wa mtu anayesukuma kutoka tumboni, ukishusha inalegea. Kwenye kiitikio cha metali unapandisha, kwenye ubeti wa utulivu unashusha, na hapo tayari umepata mwimbaji anayejua wimbo unaenda wapi. Pia sauti nyingi zina staili zake ndani, laini, kali, ya hewa hewa, unachanganya kwa asilimia.

Sauti gani sasa? Kwa symphonic na power metal chukua SOLARIA ya Eclipsed Sounds, soprano ya kike, juu kule hachoki na hapotei. Kwa doom na gothic, metali ya taratibu na ya giza, kampuni hiyohiyo wana ASTERIAN, besi ya kiume, zito haswa, na sauti za besi kwenye hizi programu ni adimu sana, nyingi ni wasichana wa pop. Usinunue zote mbili siku moja. Nunua moja uimalize, Tension yake na staili zake zina mambo mengi kuliko unavyodhani.

Udhaifu wake: imefundishwa kuimba vizuri mno. Ukiiachia ijipange yenyewe inaweka vibrato, ule mtetemo wa sauti, tamu mwisho wa kila noti ndefu, inateleza kuingia kwenye noti kama anaimba harusini. Metali haitaki hivyo. Zima vibrato kwenye noti fupi zote, noti iingie imenyooka, vibrato ibaki kwenye zile ndefu za kiitikio tu. Kazi ya dakika chache ila inabadilisha kila kitu.

Kama unaandika kwa Kiswahili kuna habari njema. Toleo la 2 linaimba Kijapani, Kiingereza, Mandarin, Kikantoni, Kihispania na Kikorea, na sauti moja inaweza kuimba lugha ambayo mwenye sauti hakuirekodi. Weka Kihispania. Irabu tano zilezile a e i o u, hazipindi, na r inatetemeka. Kiingereza kinaharibu, ukiandika "moto" kinakuletea "moutou" kama mtalii. Ila Kihispania hakikutoshi peke yake, v na z na sh utakwama, hapo kwa noti hiyo moja unabadilisha lugha kuwa Kiingereza halafu unarudi. Inachosha kidogo mwanzoni, baadae mikono inazoea.

Namba mbili: OpenUtau, na hii haiuzwi, ni bure kabisa. Kwanini bure iko kwenye mwongozo wa kununua? Kwa sababu inakuruhusu kutengeneza sauti yako mwenyewe, na ndo mlango wa mngurumo niliousema.

UTAU ya asili ilitoka Japani 2008, OpenUtau ni ya kizazi kipya, inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Kwenye ule mfumo wa zamani hakuna akili bandia, unarekodi silabi moja moja, ba be bi bo bu, da de di do du, programu inazikata na kuziunganisha. Lugha ya silabi wazi kama yetu inakaa humo vizuri kweli. Na kwa kuwa ni vipande vya rekodi tu, hakuna anayekukataza kurekodi hizo silabi ukiwa unanguruma! Ba be bi bo bu ya kuzimu. Usivute noti mbali sana na pale uliporekodi maana ikivutwa inageuka kuwa nyuki kwenye kopo, lakini mngurumo wenyewe haupandi na kushuka sana kwa hiyo inakubali. Ukichoka koo pumzika, nasema kweli, kunguruma bila kujua ufundi kunaumiza, na orodha ya silabi ni ndefu.

Kama hutaki kurekodi, tafuta Namine Ritsu, ile voisibenki yake inayoitwa Kire. Ni kali, inapiga kelele, imekuwa kipenzi cha watu wa roki miaka mingi, na ni bure. Ichanganye na injini (kiprogramu cha kuzichakata rekodi ziwe uimbaji) inaitwa Moresampler ambayo ina vitufe vya kuongeza mkwaruzo na distosheni kwenye sauti. Aliyeiandika Moresampler ni Kanru Hua, huyohuyo aliyekuja kuanzisha Synthesizer V, kwa hiyo usidhani bure maana yake takataka.

Gharama yake ni muda. Kupanga kila silabi inaanzia wapi na kuishia wapi ni kazi ya kukalia, na usipoipanga vizuri mwimbaji wako atakuwa na kigugumizi. Mtu mwenye hela bila muda aende namba moja, mwenye muda bila hela abaki hapa na wala asijisikie vibaya.

Namba tatu: Vocaloid ya Yamaha. Hii ndo babu yao, sauti za kwanza zilitoka 2004, na toleo la 6 la 2022 ni zaidi ya dola 200. Bei hiyo ndo inaishusha mpaka namba tatu. Wa kumtafuta kwa roki ni Gackpo wa Internet Co., sauti yake ni ya Gackt, yule aliyeimbia bendi ya Malice Mizer kabla ya kwenda peke yake, kwa hiyo ni mwimbaji wa roki kweli sio mwigizaji wa katuni aliyeombwa akaze sauti. Gackpo ana voisibenki ya Power, ndo hiyo. Meiko na Len, sauti nyingine za Vocaloid, nao wana za Power na zinapenya.

Mtu atakwambia Vocaloid ina Growl, yaani kitufe cha mngurumo. Ni kweli, ilikuja na Vocaloid 4 mwishoni mwa 2014, na inafanya kazi na sauti zilizotengenezwa kwa toleo hilo. Lakini sio mngurumo wa death metal, ni ule mkwaruzo wa mwimbaji wa soul au roki anapofika kileleni. Mzuri, uweke kwenye neno moja moja la kiitikio. Ukiuweka wimbo mzima unaboa.

Toleo la 6 lina kitu kinaitwa Vocalo Changer, unaimba wewe kwenye maiki halafu sauti ya ndani inarudia ulichoimba kwa koo lake. Kama unajua kuimba kwa hisia ila sauti yako haikupi unachotaka, hapo dola 200 zinaanza kuwa na maana. Kama hujui kuimba, usizitoe.

Namba nne: Hatsune Miku, ile sauti maarufu ya Vocaloid yenye sura ya msichana wa katuni. Najua, najua. Wengine mngemweka wa kwanza na wengine hamtaki kumsikia. Crypton Future Media ya Sapporo walimtoa Agosti 2007, na walipomtoa walisema noti zake ni A3 hadi E5 na kasi ni BPM (mapigo kwa dakika) 70 hadi 150. Watu wa metali hawakusoma hiyo karatasi, wanampeleka mbio kuliko hapo na anatoka mzima. Inawezekanaje sauti nyembamba ile iishi kwenye metali? Kwa sababu iko juu na inapita puani, gitaa zito limejaa huku chini na katikati, yeye anakaa juu yake kama taa. Sauti nene ya kiume ndo inagombania nafasi na gitaa. Mtunzi Utsu-P amejenga jina lake kwa hilohilo, metali nzito kabisa, gitaa la kuchinja, juu yake sauti ya kitoto inaimba mambo ya giza, na ule ugomvi ndo utamu wenyewe.

Mbona namba nne basi? Kwa sababu akikaa kwenye wimbo wimbo unakuwa wa Miku. Ukitaka ladha hiyo hakuna mbadala, mnunue leo. Ukitaka mwimbaji tu wa bendi yako, pesa yako iende kwa SOLARIA.

Zilizobaki kwa haraka. ACE Studio kazi inafanyika kwenye seva zao, bando likiisha na mwimbaji kaisha, mimi hapo naishia. VoiSona inakupa sauti ya Chis-A bure, nzuri kujifunzia, laini mno kwa metali. NEUTRINO bure pia, imejengwa kwa Kijapani, na unaipa noti kwenye faili la MusicXML (faili la noti za muziki), kama hujazoea hiyo utatukana.

Sasa, hela yote usimalizie kwenye sauti. Nusu ya ukali unatoka kwenye kumiksi. Toa sauti safi, irudie kwenye njia ya pili, hii ya pili ipandishe hewa ya pumzi kwenye programu kabla hujaitoa, ndo uitie distosheni. Hewa ni muhimu, distosheni juu ya sauti safi inakupa roboti, juu ya sauti yenye upepo inakaribia mtu anayepasuka koo. Punguza makali ya s kabla ya distosheni sio baada, vinginevyo inageuka misumari. Kata chini ya 120 Hz hivi, hiyo njia ya pili iwe chini kabisa ya ile safi, uisikie ukiizima tu. Plagini za bure zinatosha: Softube Saturation Knob kwa distosheni, Graillon toleo la bure ukitaka kushusha oktavi. Gitaa tumia Neural Amp Modeler, inayoiga amplifaya, bure. Programu ya kurekodia, Reaper ni dola 60 kwa mtu binafsi na unapewa siku 60 za kujaribu.

Na kuna chaguo ambalo haliko kwenye duka lolote. Iachie programu uimbaji safi, halafu mlipe binadamu angurume. Nairobi ina watu wa metali wa kweli, bendi ya Duma walitoka huko na albamu yao ilitolewa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wanaoweza kunguruma wapo. Bei ya voisibenki moja unaweza kuelewana na mtu akakurekodia mistari yako yote, na hatakuomba apdeti.

Malipo: maduka haya yanataka kadi au PayPal, kwa hiyo kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa ndo njia rahisi, weka hela kidogo zaidi ya bei maana kuna makato ya kubadilisha fedha na wakati mwingine kodi inaongezwa mwishoni. Subiri Black Friday kama huna haraka. Na kabla hujapandisha wimbo Spotify soma leseni: sauti nyingi za Lite za bure haziruhusu biashara, na kwa Miku sauti unaruhusiwa kuuzia wimbo ila picha yake kwenye kava ya wimbo unaouza ni ruhusa nyingine kabisa, unaiomba kwa Crypton.