Tahadhari: "konvata" ya kugeuza umeme wa njia moja kuwa njia tatu

Wakuu, hasa wenye karakana zenye mashine za mtumba za Mwingereza: kuna muuzaji hapa Dar anatangaza mitandaoni boksi la kijivu analoliita konvata. Anasema unalichomeka kwenye umeme wa kawaida wa njia moja (fezi moja), nalo linatoa njia tatu (fezi tatu) za volti 400 na kuendesha mashine yoyote. Msimtumie hela.

Jirani yangu wa karakana alilinunua kwa ajili ya lezi (mashine ya kukereza chuma) yake ya Colchester, mota ya hospawa 3. Muuzaji alikuja mwenyewe, akafunga waya, akawasha, mota ikazunguka vizuri tu. Akalipwa, akaondoka. Jirani alipobana chuma na kuanza kukereza, mota ikaunguruma, spidi ikashuka, harufu ya vanishi inayopakwa kwenye waya za mota ikajaa karakana. Imeungua. Muuzaji hapokei simu. Meseji anazisoma na kukaa kimya.

Tumelifungua boksi. Ndani mna kontakta moja (swichi ya umeme), kapasita moja nyeusi (kifaa cha kuhifadhi chaji) iliyoandikwa 200 µF (maikrofaradi), volti 250, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili boksi liwe zito. Hakuna kingine! Kapasita ya aina hiyo ni ya kuanzishia mota, inatakiwa ikae kwenye umeme sekunde chache kisha itoke. Hii ilifungwa moja kwa moja, na tumeikuta imevimba.

Ujanja wote uko kwenye lile onyesho. Kibao cha mota kinasomeka volti 400/440, na waya zinazotoka ni tatu tu, mara nyingi maana yake imeungwa sta (ncha za koili zote tatu zimefungwa pamoja kwenye fundo moja) humo humo ndani. Mota ya volti 400 ukiipa 230, nguvu yake ya kuzungusha inabaki kama theluthi moja. Kuzunguka bila mzigo itazunguka. Ukiipa kazi inakwama, inavuta ampea nyingi na kujichoma. Kwa hiyo muuzaji yeyote akikuwashia mashine tupu, mwambie abane chuma akate mbele yako, huku mita ya kubana ikipima ampea kwenye kila waya. Zikitofautiana sana, au zikizidi za kwenye kibao, mrudishie mzigo wake.

Njia halali zipo, ila hakuna ya miujiza. Inveta ya mota (kifaa cha kielektroniki cha kuendesha mota, siyo ile ya sola) ikiingizwa volti 230 za njia moja inatoa njia tatu za volti 230 hizo hizo. Zinazopandisha hadi 400 zipo, na bei yake inakuambia. Kwa inveta ya kawaida, fundi wa kusuka mota anaifungua mota, anatafuta fundo la sta, anatoa waya sita nje, mnaunga delta (koili zinaunganishwa kwa pembetatu): 400 gawa kwa 1.73 ni 231, inaingia sawasawa. Fundi akikuta vanishi imekauka na kupukutika, bora asuke upya kabisa, kwa sababu inveta haina huruma na insulesheni ya kizee. Angalia pia usiuziwe inveta ya kuingiza volti 380 iliyobandikwa stika ya 220. Ukiiwasha inalalamika umeme mdogo na kugoma.

Ukitaka kapasita peke yake, mota iwe kwanza kwenye delta ya 230, utumie kapasita ya kudumu kwenye umeme, kadiri ya 70 µF kwa kila kilowati. Hata hapo usitarajie zaidi ya theluthi mbili za nguvu yake. Kwa mashine ya kutoboa inatosha, kwa lezi inayokula chuma kwa kina sishauri. Na kama mtaani kwenu nguzo ina njia tatu, ulizeni gharama TANESCO kabla ya kununua boksi lolote.

Mwenye boksi kama hilo tayari, zima umeme na usiguse kapasita kwa mkono, inabaki na chaji. Na muuzaji akikataa kulifungua boksi kwa kisingizio cha "waranti", ujue ndiye huyo.