Nguzo za Kirumi za Eastern Bypass: fundi wako sawa, vipimo ndio kasheshe

Kwa wale wanajenga na mmekua mkiniuliza zile nguzo za veranda nilitoa wapi, ni yadi moja iko Eastern Bypass ukipita Kamakis, jina naliacha juu nitawasifu na pia nitawasema. Kwa ufupi, kazi ya mkono ni safi, bei si mbaya ukilinganisha na za Mombasa Road, lakini ukiwaachia wao ndio wakuchagulie saizi utaharibu nyumba.

Tuanze na venye zinatengenezwa. Nguzo inakuja nusu mbili, imepasuliwa kwa urefu, kwa hivyo fundi wako anasimamisha kolamu ya vyuma na konkriti kama kawaida alafu anaifunika na zile nusu, anaziba mstari na simiti nyeupe, anapiga msasa, ukirudi jioni hujui iliungana wapi. Kichwa na kitako zinauzwa kando. Niligonga kila moja na kokoto kabla nilipe na zote zililia vizuri, hakuna yenye ilikua na uwazi ndani. Pia wanazo zile za fomu nyeupe, ile ya kupakia TV, zimepakwa plasta juu. Hizo wachana nazo kama una watoto na mpira.

Sasa kuna watu watakuambia nguzo ya kufunika ni feki, ati nguzo ya ukweli ni ile inabeba paa. Mimi nilikua najibu hao watu na Hekalu la Portunus, liko Roma mpaka leo karibu na mto Tiber, lilisalimika kwa sababu baadaye liligeuzwa kanisa. Hilo ni jiwe la kawaida la huko, likapigwa plasta ndio likae kama marumaru, na nguzo za pembeni na nyuma ni nusu tu zimebandikwa kwa ukuta, hazibebi chochote. Maison Carrée, hekalu lingine la Warumi liko mji wa Nîmes kule Ufaransa, ni hivyo hivyo, nguzo 30, na kati ya hizo 20 ziko nusu ndani ya ukuta. Kwa hivyo urembo wa kubandika ni Warumi wenyewe walikua nao, jirani asikusumbue.

Na Warumi walikua na akili ingine yenye ndio imefanya majengo yao yaigwe mpaka leo. Hekalu la Mgiriki limezungukwa na ngazi pande zote, unaliona vizuri ukitokea popote. Mrumi alifuata Waetruski, watu walioishi Italia kabla yake, akainua jengo juu ya jukwaa refu, ngazi akaweka mbele peke yake, nguzo za kusimama peke yake bila kushikana na ukuta akazileta huko mbele, nyuma ukuta tu. Jengo lina uso. Sasa fikiria barabara ya mjini penye jengo linaonekana upande mmoja, hapo ndio utaelewa kwa nini kila mwenye benki, korti ama maktaba aliona hiyo plani imemfaa. Nenda Banda Street usimame mbele ya McMillan, ile maktaba ya 1931 yenye simba wawili wa mawe, uangalie venye ngazi inakuinua kabla hata hujafika mlangoni. Ni siasa pia, haikujengewa sisi, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka ukoloni ukikaribia kuisha, na zile ngazi na nguzo zilikua zinakuambia hivyo ukiwa bado uko barabarani. Lakini kama ni kujifunza vipimo, hiyo ni darasa la bure. Na ploti ya 50 kwa 100 ni hivyo hivyo, mgeni anaona mbele tu.

Haya, shida yangu na hii yadi. Wanauza nguzo kwa futi. Unaingia, kijana anakuuliza unataka futi ngapi, ukisema 10 anakuletea ya futi 10, ukisema 20 ya kupita floo mbili anakuletea mbili zimepandana, na unene ni ule ule inchi 9 kwa sababu ndio moldi yao ya kila siku. Hapo ndio unaona zile maghorofa za Ruiru zimesimama kama korongo. Roma unene ndio ulikua unaanza. Vitruvius, msanifu wa karne ya kwanza kabla ya Kristo aliyeandika vitabu 10 vya ujenzi, anapima nguzo kwa unene wake chini: ya Kitoskana, ile simpo kabisa, urefu ni mara 7 ya unene, ya Kiayoni, ile kichwa chake kimejikunja kama konokono pande mbili, inafika kama mara 9. Piga hesabu, ya futi 10 kwa inchi 9 ni mara 13 na kitu, na ile ya futi 20 inapita mara 26! Mimi niliitisha inchi 15, inakuja mara 8, na kijana akaniangalia kama nimeagiza tangi la maji.

Huyo mzee Vitruvius pia alisema nguzo zikiachana sana zinafaa ziongezwe unene, na zikibanana sana ni noma, akina mama wakipanda kuomba hawawezi kupita wameshikana mikono, inabidi wapange laini. Nilipenda hiyo, mtu anapima jengo na akina mama. Alisema tena ngazi ziwe namba isiyogawanyika kwa mbili, ndio mguu wa kulia uanze na ukifika juu uwe ni huo huo wa kulia. Fundi wangu alicheka lakini ngazi ziko 5.

Vichwa vya nguzo, chukueni simpo. Wanazo za Kikorintho zenye majani, ghali, na majani yametoka kama sukuma imechemka, moldi imezeeka. Na si aibu kuchukua rahisi. Thomas Jefferson, yule alikuja kuwa rais wa Marekani, aliponakili Maison Carrée ndio atengeneze jengo la bunge la jimbo la Virginia, jiwe la msingi likawekwa 1785, alitoa majani ya Kikorintho akaweka Kiayoni kwa sababu aliona kuchonga yale majani ni kazi ngumu. Na alikua hajawahi kuliona hilo hekalu kwa macho, alifika Nîmes 1787 mambo yakiwa yashaanza. Michoro tu, na bado bunge likatoka poa, kwa hivyo hata wewe na picha za simu yako unaweza.

Dilivari ilikua ya kanta, wakachelewa, kichwa kimoja kikafika kimevunjika pembe. Walibadilisha baada ya kusukumana kwa simu, risiti ndio iliniokoa. Pia moja ilikua fupi kidogo, fundi akaijaza kwa kitako. Sikukasirika sana juu ya hiyo, kuna wataalamu wanaamini hata Pantheon, lile hekalu la mfalme Hadrian huko Roma, iliagiziwa nguzo za mawe za futi 50 za Kirumi kutoka Misri ikaletewa za 40, ndio maana ukiangalia juu ya paa la veranda yake unaona mstari wa paa lingine kwa ukuta wa nyuma. Kama mfalme wa Roma aliletewa fupi, mimi na simu yangu ya M-Pesa ni nani.

Nawapea nyota 3 na nusu, ile nusu ni ya yule mzee wa kumalizia, mkono wake ni mtulivu sana. Mkienda, musiulize futi, ulizeni moldi ya inchi 15. Wanayo, imewekwa nyuma ya stoo chini ya magunia, watawaambia inachukua simiti mingi na mngoje wiki. Ngojeni, na mlipe nusu tu.