Kufungua au kusaga?

Kifaa cha umeme kikishachoka, kiwanda cha urejelezaji kina njia mbili: kukifungua hatua kwa hatua, au kukisaga kizima na kuchambua vipande baadaye.

Kusaga ni haraka. Mashine haijali gundi iliyokauka wala skrubu iliyoliwa kichwa (na nani hajawahi kugombana nayo?). Sumaku hunasa chuma, na nyingine inayozunguka kwa kasi hurusha alumini pembeni. Hasara yake imejificha: sumaku za neodimi (metali adimu) zilizomo kwenye diski za kompyuta na mota hung'ang'ania vipande vya chuma na kupotelea humo, na sehemu ya dhahabu ya saketi huishia vumbini. Betri ya lithiamu ikisahaulika ndani, ni moto.

Kufungua huokoa vipuri vizima, lakini hula muda. Ndiyo maana mpango mzuri haugusi kila skrubu: huanza na chenye hatari, kisha chenye thamani, na kusimama pale dakika ya fundi inapogharimu zaidi ya kinachotoka. Roboti ya Apple iitwayo Daisy, iliyotambulishwa 2018, hufungua hadi iPhone 200 kwa saa, ila za matoleo inayoyajua tu.

Mimi ningefungua kwanza, kisha nisage mabaki. Lakini kazi huwa rahisi au ngumu tangu mezani kwa mbunifu. Kwa Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 18, 2027, betri ndogo za vifaa vingi lazima mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe.